Mvua Ikinyesha, Itazame na Reli



Kama unakaa upande wa bara wa Bagamoyo, huko kuelekea Mto Wami, bila shaka unaijua reli. Pengine inapita karibu na shamba lako. Pengine watoto wako huivuka wakienda shule. Wakati wa masika, njia za miguu zinapojaa maji na tope, wewe mwenyewe hupita juu ya tuta la reli kwa sababu pale ni pakavu. Umeizoea. Na kitu ulichokizoea hukitazami sana.

Leo tunakuomba uitazame. Tutaeleza jinsi mvua inavyoiharibu reli. Tutaeleza pia kwa nini mtu wa kwanza kuiona reli iliyoharibika huenda asiwe dereva wa treni wala fundi. Huenda akawa mtu anayetoka shambani na jembe begani. Huenda ukawa wewe.

RELI ILIYOPITA NYUMA YA BAGAMOYO

Zamani misafara ya bara ilikuwa ikiishia Bagamoyo. Wapagazi walitembea kwa miguu kutoka Ujiji na Tabora mpaka pwani, wamebeba pembe za ndovu. Ungedhani kwamba reli nayo ingeanzia hapo. Sivyo ilivyokuwa. Wajerumani walipoanza kujenga reli ya kati mwaka 1905, waliianzia Dar es Salaam. Mwaka 1907 ilifika Morogoro. Mwaka 1914 ilifika Kigoma. Misafara ikafa, na mji wa Bagamoyo ukapoa.

Reli nyingine ilianzia Tanga mwaka 1893, ikaenda Korogwe na kufika Moshi. Kwa miaka mingi reli ya Tanga na reli ya kati zilikuwa kama ndugu wawili wasiotembeleana. Hapakuwa na reli ya kuziunganisha hapa nchini.

Mwaka 1963 ziliunganishwa. Reli mpya ilitoka Ruvu, kwenye reli ya kati, ikaenda kaskazini mpaka Mruazi, karibu na Mnyusi, katika Wilaya ya Korogwe. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 188. Reli hii haifiki mjini Bagamoyo. Inapita nyuma yake, porini. Inavuka Mto Wami, inapita magharibi ya Saadani, inafika Mkalamo, kisha inaendelea kuelekea Korogwe.

Baadaye treni zilipungua katika reli hii. Mwishowe zikasimama kwa miaka mingi. Vichaka viliota katikati ya reli. Mwaka 2019 ilitengenezwa, na treni zikarudi: ya mizigo mwezi Julai, ya abiria mwezi Desemba. Mwezi Oktoba 2020 abiria waliweza tena kusafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam mpaka Arusha.

Jambo hili si dogo. Wako vijana waliokua wakiijua reli kama njia ya miguu tu. Walichunga mbuzi juu yake. Walikaa juu yake jioni wakizungumza. Mtu wa namna hiyo ni lazima ajifunze reli upya, hata kama amezaliwa kando yake.

MAJI YANAVUNJAJE CHUMA?

Pengine utauliza: Reli ni chuma, maji yataivunjaje?

Maji hayali chuma. Maji hula udongo ulio chini ya chuma.

Hebu siku moja uchuchumae kando ya tuta, uangalie vizuri. Juu kabisa kuna vyuma viwili vya reli. Chini ya vyuma hivyo kuna mataruma, ya mti au ya chuma au ya zege, yamelazwa kwa kukingama. Kazi ya mataruma ni kuvishika vyuma viwili visiachane wala kusogeleana. Chini ya mataruma kuna kokoto. Kokoto zinabeba uzito wa treni na kuueneza, na maji ya mvua hupita katikati yake na kuondoka. Chini ya kokoto kuna tuta la udongo. Udongo huo ndio unaobeba vyote.

Sasa fikiri juu ya tuta lenyewe. Ni kama ukuta mrefu uliojengwa katikati ya nchi. Kabla reli haijajengwa, maji ya mvua yalikuwa yakishuka kutoka mlimani kwenda bondeni bila kizuizi. Tuta limeyakatia njia. Kwa hiyo wajenzi waliyaachia matundu ya kupitia. Tundu kubwa ni daraja. Tundu dogo ni kalvati. Kalvati laweza kuwa bomba la zege ambalo mtoto anaweza kutambaa ndani yake. Ukilitazama wakati wa kiangazi utaona halina maana: tundu kavu, lina majani makavu na utando wa buibui. Lakini kalvati hilo dogo ndilo linalolinda tuta lote.

Kalvati likiziba, maji hujaa upande wa juu. Yanakuwa bwawa. Tuta halikujengwa kuwa ukuta wa bwawa. Maji huanza kutafuta upenyo. Yakipata shimo la panya, au mahali mzizi wa mti ulipooza, hupenya hapo. Mwanzoni hutoka upande wa pili uzi mwembamba tu wa maji. Kama maji hayo ni meupe, bado kuna nafasi. Kama yana rangi ya udongo, basi ujue tuta linaliwa ndani kwa ndani. Uzi huwa kamba, kamba huwa mfereji, na mfereji huondoka na tuta.

Au maji hupanda mpaka juu, yakamwagika upande wa pili kama maji ya sufuria iliyofurika. Pale yanapoangukia huchimba. Hapo tuta huanza kuliwa kutoka nje.

Maji ya kasi yana nguvu kuliko tunavyofikiri. Wataalamu wa mito wamepima wakaona kwamba kasi ya maji ikiongezeka mara 2 tu, uzito wa jiwe linaloweza kusukumwa nayo huongezeka karibu mara 64. Ndiyo maana mto ambao jana ulikuwa ukisukuma mchanga, leo unaviringisha majabali.

Katika madaraja makubwa hatari huwa chini zaidi. Maji ya mafuriko yakigonga nguzo ya daraja, huzunguka na kuchimba mchanga kwenye kitako chake. Juu daraja linaonekana zima. Chini nguzo inabaki imesimama juu ya shimo. Mafuriko yakipungua, mchanga mwingine hurudi na kulifunika shimo, na mtu akipita anaona kila kitu kiko sawa. Kwa sababu hii mafundi hawaliamini daraja mara tu maji yanapopungua. Hulikagua kwanza, na treni ya kwanza hupita polepole sana.

MAJI YA WAMI YANATOKA MBALI

Hapa kuna jambo ambalo watu wa pwani ni vizuri walijue.

Unaweza kuwa umekaa karibu na daraja la reli la Wami, jua linawaka, mbingu haina wingu, na mto ukafurika. Kwa nini? Kwa sababu Wami haujazwi na mvua ya kwako peke yake. Maji yake hutoka mbali. Sehemu hutoka katika milima ya Nguru na Ukaguru. Sehemu hutoka Dodoma, katika mto uitwao Kinyasungwe. Kinyasungwe hushuka na kuitwa Mkondoa, hupita Kilosa, na maji yake huingia katika Wami. Halafu Wami huja kwetu, hupita chini ya reli, na kumwagika baharini kati ya Bagamoyo na Saadani.

Sasa angalia. Reli ya kati nayo, kati ya Kilosa na Gulwe, inafuata bonde la maji hayo hayo. Wajenzi wa zamani walifuata bonde kwa sababu treni haiwezi kupanda mlima mkali. Njia ilikuwa rahisi, lakini mto ukawa jirani wa kudumu, na jirani huyu ni mkorofi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mvua kubwa zilinyesha huko. Mto ulitoka katika njia yake. Kilosa maelfu ya watu waliachwa bila makazi. Tuta la reli lilichukuliwa katika sehemu nyingi, na reli zikabaki zimepinda na kulala majini. Treni za kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora, Kigoma na Mwanza zilisimama kwa miezi kadhaa. Mfanyabiashara wa chumvi wa Kigoma, ambaye pengine hajapata kuiona Kilosa, alijua siku hiyo kwamba Kilosa kuna mto.

Maji yaliyofanya kazi ile hayakupotea. Yalishuka Wami.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Bagamoyo, usipime hatari kwa kutazama mbingu ya kwako tu. Sikiliza redio. Ukisikia kwamba Dodoma, Mpwapwa au Kilosa kumenyesha sana, hesabu kwamba mgeni yuko njiani. Mto Ruvu nao ni hivyo hivyo. Maji yake mengi hutoka milima ya Uluguru huko Morogoro, hupita chini ya reli ya kati, kisha huingia baharini karibu kabisa na mji wa Bagamoyo.

RELI INAYONING'INIA

Tumefika kwenye jambo lenyewe.

Maji yakichukua tuta, mara nyingi reli haikatiki. Vyuma vinabaki vimeungana. Mataruma yanabaki yamefungwa kwenye vyuma. Kilichoondoka ni udongo na kokoto. Reli inabaki inaning'inia hewani, kama kitanda cha kamba kisichokuwa na miguu. Ukiwa mbali, ukitazama kwa kunyoosha macho juu ya reli, unaona vyuma viwili vinang'aa moja kwa moja. Hakuna kinachoonyesha kwamba chini yake ni tupu.

Dereva wa treni anatazama hivyo hivyo, kwa mbele. Usiku anatazama kwa taa, mvua inapiga kioo. Anaona vyuma viwili. Anaendelea.

Hata akiona, treni haisimami kama baiskeli. Haina matairi ya mpira yanayoshika barabara. Ni gurudumu la chuma juu ya chuma, tena chuma kilicholowa. Treni ya abiria ikifungwa breki kwa nguvu zote yaweza kwenda mamia ya mita kabla ya kusimama. Treni nzito ya mizigo yaweza kwenda kilomita nzima au zaidi. Taa yake haifiki mbali kiasi hicho. Dereva akiona shimo kwa macho yake mwenyewe, mara nyingi amekwisha kuchelewa.

Jirani zetu wa Kenya wanalijua hili kwa uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari 1993 treni ya abiria ilikuwa ikitoka Mombasa kwenda Nairobi. Watu wengi walikuwa wamelala. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na mto mmoja mdogo ulikuwa umefurika na kuliharibu daraja la reli. Mahali penyewe panaitwa Ngai Ndethya. Kwa Kikamba maana yake ni Mungu nisaidie. Treni ilifika, na daraja halikuweza kuibeba. Injini na mabehewa yalitumbukia mtoni gizani. Zaidi ya watu 100 walikufa.

Mto ule si mkubwa. Wakati wa kiangazi watu huvuka mito ya namna ile bila kulowa. Na mito ya namna ile iko mingi kati ya Ruvu na Mruazi.

TUSEME UMEIONA WEWE

Tuseme ni mwezi wa Aprili. Mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi na mapema unakwenda kuangalia mpunga wako. Unafika kwenye reli na kuona tuta limemeguka, mataruma manne yanaelea hewani. Utafanya nini?

Watu wengi hukimbilia kijijini kuwaita wenzao waje waone. Hilo ni kosa. Watu 40 wakija kusimama kando ya shimo, treni haitasimama kwa ajili hiyo. Jambo la kwanza ni kuilinda reli pande zote mbili.

Kama mko wawili, mmoja aende upande huu wa reli na mwingine upande wa pili. Kama yuko wa tatu, huyo ndiye aende kwenye stesheni au kupiga simu. Kama uko peke yako na simu unayo, piga simu huku unakwenda. Nenda upande ambao unadhani treni itatokea. Usikae kwenye shimo. Kimbia kilomita moja au zaidi, maana umesikia kwamba treni inahitaji nafasi ya kusimama. Ukiwahi kusimama karibu na shimo, utamwonyesha dereva mahali atakapofia tu.

Usisimame katikati ya reli. Simama kando, mahali dereva atakapokuona. Ukisikia treni, inua mikono yote miwili juu kabisa na uishike hivyo. Kwa watu wa reli maana yake ni hatari, simama. Ukiwa na kitambaa chekundu, kipunge kwa nguvu. Kanga nyekundu inafaa sana. Kama huna chekundu, punga chochote: shati, kikapu, tawi la mti. Usiku punga tochi, au taa ya simu, au hata kijinga cha moto. Dereva amefundishwa kwamba taa yoyote inayopungwa kwa nguvu kando ya reli ina maana ya hatari. Usione haya. Piga kelele, ruka, fanya kama mwendawazimu. Dereva anayepungiwa mkono kila siku na watoto lazima aone kwamba wewe husalimii.

Usiweke mawe wala magogo juu ya reli ili kuisimamisha treni. Utaiangusha, na watu ulitaka kuwaokoa.

Treni ikisimama, mweleze dereva mambo mawili tu: umeona nini, na ni wapi. Mengine yatafuata.

Je, mtu mmoja mwenye tochi anaweza kufanya kitu mbele ya treni nzima? Nchi ya New Zealand iko mbali sana nasi, lakini habari yake inatufaa. Usiku wa tarehe 24 Desemba 1953, mkesha wa Krismasi, maji mengi yenye matope na majivu yalishuka kutoka mlima wa volkano na kuliharibu daraja la reli mahali paitwapo Tangiwai. Mfanyakazi mmoja wa posta, jina lake Cyril Ellis, alikuwa akisafiri kwa gari barabarani. Alifika mtoni, akaona hali ilivyo, na akaona taa ya treni inakuja. Alikimbia kando ya reli kuielekea, akipunga tochi. Treni ilianza kufungwa breki. Hata hivyo muda haukutosha. Injini na mabehewa ya mbele yalianguka mtoni, na watu 151 walikufa. Lakini mabehewa ya nyuma yalibaki juu ya reli. Watu 134 waliokuwa katika treni ile walipona. Ellis hakurudi nyumbani. Aliingia ndani ya behewa lililokuwa ukingoni mwa mto ili kuwatoa watu, na behewa hilo likaanguka naye ndani. Alitoka, akawatoa na wengine.

Alikuwa na tochi ya mkononi tu. Kama angekuwa na dakika 5 zaidi, pengine tusingelijua jina la Tangiwai.

MAMBO YETU WENYEWE

Tusiitupie mvua makosa yote. Mengine ni yetu.

Masika ikija, kambale hutoka mitoni na kuingia mabondeni. Mahali pazuri pa kuwategea ni kwenye kalvati, maana samaki wote wa bonde lazima wapite hapo. Basi mtu huweka mgono, na pembeni hukingia matete na udongo ili kambale asipate upenyo. Kitoweo kinapatikana, hatukatai. Lakini kalvati limezibwa, na usiku ule mvua ikizidi, bwawa limekwisha tengenezwa. Tega mtoni, tega bondeni, kalvati liache.

Mwingine analima mpaka kwenye mguu wa tuta, kwa sababu udongo pale ni mlaini na una maji. Ni kweli una maji. Mihogo hustawi. Lakini majani yaliyokuwa yakishika udongo yameng'olewa, na mvua ya kwanza huutelezesha udongo wote kwenye mtaro. Ardhi ya reli imewekewa mipaka. Kama hujui mpaka uko wapi, uliza kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna.

Mwingine anachimba mchanga chini ya daraja. Anauza kwa lori. Yeye na mafuriko wanafanya kazi moja, ya kuchimba kitako cha nguzo. Mwingine anapitisha ng'ombe mahali pale pale kila siku mpaka tuta linapata njia kama mfereji. Mwingine, na huyu ndiye mbaya kuliko wote, anafungua bolti na vifungio vya reli usiku na kuviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Anapata fedha ya siku mbili. Reli isiyofungwa vizuri, udongo ukilegea kidogo tu, inatawanyika.

Lakini tuseme ukweli wote. Wenye reli nao wana kazi yao. Zamani kila genge la wafanyakazi lilikuwa na kipande chake cha reli, na mtu alikitembea kwa miguu na nyundo yake, akigonga, akikaza nati, akizibua mitaro. Alikijua kipande chake kama unavyoijua njia ya kisimani. Siku hizi ukaguzi mwingi hufanywa kwa kiberenge na mashine, na mashine huona mambo ambayo macho hayaoni. Hata hivyo mashine haikai kijijini. Kama kalvati la karibu na kwako limeziba na halijasafishwa tangu vuli, nendeni na mwenyekiti wenu stesheni mkaseme, mapema, kabla ya mwezi wa Machi. Mkiona hakuna aliyekuja, rudini tena.

JUA NA UPEPO

Si mvua peke yake. Chuma hurefuka kwa joto. Reli ya kilomita moja, joto likipanda kwa digrii 20, hutaka kurefuka karibu robo mita. Kwa hiyo katika reli za zamani huachwa nafasi ndogo kati ya kipande na kipande, na ndiyo ile unayoisikia ukiwa ndani ya behewa: taka-taka, taka-taka. Nafasi zikikosekana, au kokoto zikiwa zimechukuliwa na mvua, reli hujipinda kama nyoka saa za mchana. Ukiiona hivyo, fanya kama ulivyofanya kwa shimo.

Na upepo: pwani yetu si nchi ya vimbunga kila mwaka, lakini haijasalimika. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na Bagamoyo, kikavunja majahazi na kubomoa nyumba. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya kusini, na mvua zake zikaharibu barabara na madaraja. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza siku kadhaa kabla. Upepo wa namna hiyo huangusha miti juu ya reli. Mti ulioanguka porini, mbali na stesheni, nani atauona kwanza?

Katika reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro mwezi Juni 2024, mambo ni mengine. Hiyo imezungushiwa uzio, na treni yake yaweza kwenda kilomita 160 kwa saa. Waya zake za juu zina umeme wa volti 25,000. Ukiona maji yanachimba tuta la reli hiyo, usiingie ndani ya uzio na usiguse waya ulioanguka. Toa habari kwa simu, ukiwa nje.

NAMBA ZILIZO KANDO YA RELI

Limebaki jambo moja, nalo linakuhusu wewe uliyejifunza kusoma.

Mtu akipiga simu stesheni na kusema, reli imeharibika karibu na shamba la mzee fulani, penye mwembe mkubwa, mkuu wa stesheni hawezi kujua ni wapi. Reli ni ndefu, na miembe ni mingi. Lakini kando ya reli kuna nguzo fupi au mawe yenye namba. Namba hizo ni za kilomita. Ukimtajia namba ya nguzo iliyo karibu na shimo, atajua mara moja treni ipi aisimamishe na fundi aende wapi. Huhitaji kueleza zaidi.

Kesho ukipita relini, tafuta nguzo iliyo karibu na kwako. Kama majani yameifunika, yafyeke. Isome namba yake, uiandike katika daftari lako pamoja na namba ya simu ya stesheni, uwasomee na watoto wako.